Kizazi cha Mwisho Kilishapita. Tuongee Ukweli

Wasee, leo naleta mada ambayo ukiitaja mezani wakati wa chakula cha jioni, kuna mzazi ataweka kijiko chini na kukuangalia vibaya. Mafundisho ya Wakristo wa kwanza kuhusu siku za mwisho: yanategemeka kiasi gani?

Simaanishi ule unabii wa pasta fulani uliozunguka kwenye simu za watu mwezi jana. Huyo ni rahisi kumcheka na kusonga mbele. Namaanisha wale wa mwanzo kabisa. Paulo, waandishi wa injili, maaskofu wa karne ya pili na ya tatu. Wale ambao mhubiri akibanwa kwenye mabishano anakimbilia kwao na kusema, "Kanisa la kwanza liliamini hivi," halafu kila mtu ananyamaza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usinisome ukitafuta mtego. Kwa swali la lini mwisho utafika, kanisa la kwanza lilikosea. Lilitarajia mwisho ndani ya maisha yake lenyewe, mwisho haukuja, na likaanza kujirekebisha likiwa bado changa. Ushahidi wa hayo hautoki kwa wapinga dini. Uko ndani ya Agano Jipya, na uko ndani ya maandishi ya maaskofu wenyewe. Na sisi Wakenya tuna sababu nzito ya kuujua. Nitaifikia.

Tuanze na barua. Wasomi wengi wanaihesabu barua ya kwanza kwa Wathesalonike kuwa ndiyo maandishi ya zamani zaidi katika Agano Jipya. Paulo aliiandika kama mwaka 50 au 51 BK, miaka ishirini hivi baada ya Yesu kusulubiwa. Sasa angalia shida iliyokuwa inawasumbua wale waumini. Baadhi ya wenzao walikuwa wamekufa, na waliobaki wakaingiwa na wasiwasi: hawa waliokufa watakosa kurudi kwa Bwana? Mtu haulizi swali kama hilo isipokuwa alikuwa anatarajia kwamba wote watakuwa hai siku hiyo ikifika.

Paulo anawajibu katika sura ya nne. Anawatuliza kwamba waliokufa watafufuka kwanza, na baada ya hapo "sisi" tutakaokuwa bado tuko hai tutachukuliwa pamoja nao mawinguni. Neno ni "sisi". Paulo hakuwa anaongea juu ya watu watakaopanda matatu Nairobi miaka elfu mbili baadaye. Alijihesabu yeye na wasomaji wake kati ya watakaokuwa hai. Yeye alikufa. Wasomaji wake wote walikufa. Wajukuu wao pia.

Miaka michache baadaye anawaandikia Wakorintho. Katika sura ya saba ya ile barua ya kwanza, anawashauri ambao hawajaoa na hawajaolewa wabaki hivyo wakiweza, na moja ya sababu anazotoa ni kwamba muda uliobaki ni mfupi. Hata wenye wake waishi kama hawana. Hebu simama hapo kidogo. Huu ni ushauri wa maisha kabisa. Kama kulikuwa na msichana Korintho aliyekuwa na mchumba na akausikiliza ushauri huo, huyo msichana alizeeka. Alingoja akiwa na miaka ishirini, akangoja akiwa na arobaini. Sisemi Paulo alimdanganya. Paulo mwenyewe aliamini, na aliishi alivyohubiri. Lakini mtu anaweza kuwa mkweli kutoka moyoni na bado awe amekosea tarehe.

Halafu kuna injili. Katika Marko 13, Yesu anatabiri kuvunjwa kwa hekalu la Yerusalemu, anataja vita, njaa, jua kutiwa giza, na Mwana wa Adamu kuja katika mawingu. Kisha anasema watu wa kizazi hicho hawatapita kabla ya hayo yote kutokea. Mathayo na Luka nao wameiweka kauli hiyo. Katika Marko 9 kuna nyingine inayofanana nayo: kwamba baadhi ya waliosimama pale hawataonja mauti kabla ya kuona ufalme wa Mungu ukija kwa nguvu.

Hekalu kweli lilivunjwa. Mwaka 70 BK majeshi ya Kirumi chini ya Titus yaliuteka Yerusalemu na kuliteketeza. Lakini mawingu hayakufunguka, na kizazi kile kikapita chote.

Albert Schweitzer aliliandika jambo hili bila kuzunguka katika kitabu alichokitoa mwaka 1906: kwamba Yesu na wafuasi wake waliutarajia mwisho hivi karibuni, na haukuja. Huyu hakuwa adui wa dini. Ni yule yule daktari aliyekwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 akaanzisha hospitali. Aliona tatizo, akalitaja kwa jina lake, na bado akatumia maisha yake kuhudumia wagonjwa.

Najua majibu yanayokuja, manake nimeyasikia tangu nikiwa kwenye darasa la Jumapili. Tuyachukue moja moja, bila kelele.

La kwanza: eti "kizazi" hapo maana yake ni taifa la Wayahudi, au kizazi cha mwisho kitakachoziona zile dalili. Sawa, lakini maneno hayo hayo, "kizazi hiki", yako kwingine katika injili. Kwenye Mathayo 11 Yesu analinganisha kizazi hiki na watoto waliokaa sokoni. Kwenye Mathayo 23 anasema adhabu itakijia kizazi hiki. Hapo kila mhubiri anaelewa ni watu wa wakati ule. Kwa nini maana ibadilike tu pale inapotubana?

La pili: eti yote yalitimia mwaka 70, na jua na mawingu ni lugha ya mafumbo kama ile ya manabii wa kale. Hili nalipa heshima zaidi, kwa sababu manabii wa Israeli kweli walitumia lugha hiyo wakizungumzia kuanguka kwa miji na falme. Lakini ukilichukua, lichukue lote. Huwezi kusema Jumapili hii kwamba sura hiyo ilitimia Yerusalemu zamani, halafu Jumapili ijayo uichukue sura hiyo hiyo utuonyeshe tetemeko la ardhi la wiki jana na vita vya mwaka huu. Chagua moja.

La tatu ndilo maarufu: kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu. Hili linatoka waraka wa pili wa Petro, sura ya tatu. Ningependa usome mistari inayolitangulia. Mwandishi anajibu watu waliokuwa wakidhihaki, wakiuliza ahadi ya kuja kwake iko wapi, mbona wazee wetu wamekufa na mambo yanaendelea vile vile. Kwa hivyo swali ninalouliza leo si la vijana wa mitandao waliopotoka. Liliulizwa mapema sana, liliuma vya kutosha hadi likahitaji kujibiwa kwa maandishi, na wasomi wengi wanaona waraka huo ni miongoni mwa vitabu vya mwisho kuandikwa katika Agano Jipya.

Na jibu lenyewe lina tatizo. Wahenga walisema ahadi ni deni. Nikikukopa elfu tano na kukuambia nitakulipa hivi karibuni, halafu ukija kudai nikuambie kwamba kwangu "karibuni" inaweza kuwa miaka elfu, utanielewa kweli? Neno "karibu" likinyooshwa kiasi hicho halina tena kazi ya kufanya.

Sasa tufike kwa kile ninachokiona kuwa muhimu zaidi, na ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa. Ukisoma Agano Jipya kwa mpangilio wa miaka, unawaona Wakristo wa kwanza wakijirekebisha.

Waraka wa pili kwa Wathesalonike unaonya watu wasitishwe na ujumbe, hata barua inayodaiwa kutoka kwa Paulo, inayosema siku ya Bwana imeshafika. Waraka huo huo unawakemea waumini walioacha kazi wakawa wanazurura. Wasomi wengi wanayaunganisha mambo hayo mawili: ukiamini dunia inaisha, kwa nini uamke kwenda kufanya kazi?

Angalia pia alichofanya Luka. Kwenye Marko 13, Yesu anaonya kuhusu watu watakaokuja kwa jina lake wakidai wao ndio yeye. Luka, katika sura ya 21, anaongeza kitu. Watu wa kuepuka ni pamoja na wale watakaosema wakati umekaribia. Luka aliandika baada ya Marko, na inaonekana tayari alikuwa amewachoka watu wa kutangaza kwamba wakati umekaribia.

Halafu nenda mwisho wa injili ya Yohana, sura ya 21. Kulikuwa na uvumi kati ya ndugu kwamba yule mwanafunzi aliyependwa hatakufa mpaka Yesu arudi. Mwandishi anasimama na kusahihisha: Yesu hakusema hatakufa. Kwa nini mtu ajisumbue kusahihisha uvumi kama huo? Wasomi wengi wanadhani ni kwa sababu mzee huyo alikuwa amekufa, na watu wakabaki wameduwaa.

Hivyo ndani ya Biblia yenyewe unaona tumaini kubwa, unaona kuchelewa, unaona maelezo mapya. Hili halinifanyi niichome Biblia yangu. Linanifanya nikatae mtu akiniambia kanisa la kwanza lilikuwa na ramani kamili ya siku za mwisho na kazi yetu ni kuifuata tu.

Tukiacha Agano Jipya na kuingia kwa maaskofu, mambo yanazidi kuchanganyika.

Papias alikuwa askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya pili. Yeye alipokea, kama neno la Yesu mwenyewe kupitia kwa wazee waliomjua Yohana, fundisho kuhusu ufalme ujao: mzabibu mmoja utakuwa na matawi elfu kumi, kila tawi vitawi elfu kumi, na kuendelea hivyo hadi kila shada lina zabibu elfu kumi, na zabibu moja ukiikamua inatoa mitungi 25 ya divai. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliliandika hilo kama mwaka 180 akiliamini kabisa. Shida ni kwamba picha inayofanana sana na hiyo iko katika kitabu cha Kiyahudi kinachoitwa Baruku wa Pili, na huko Yesu hatajwi popote. Ni mzabibu ule ule, ila kwa hesabu ya elfu badala ya elfu kumi. Inavyoonekana, simulizi lililokuwa likizunguka mitaani lilipewa jina la Yesu, likapanda ngazi hadi kwa askofu.

Je, kila mtu alikubali? Wapi. Eusebius wa Kaisaria, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya nne, alisema waziwazi kwamba Papias alikuwa mtu wa akili ndogo sana na kwamba aliwapotosha wengi waliomfuata. Justin, aliyeandika Roma kati ya miaka ya 150 na 160, aliamini ufalme wa miaka elfu moja Yerusalemu, lakini akakiri kwamba kulikuwa na Wakristo wengi wa imani safi ambao hawakukubaliana naye. Ona hilo. Kufikia karne ya pili hapakuwa na "kanisa la kwanza liliamini hivi". Palikuwa na mabishano.

Hata ile namba 666 iliwashinda. Irenaeus anataja kwamba baadhi ya nakala za Ufunuo zilikuwa na 616, ingawa yeye alizikataa. Alijaribu majina kadhaa yanayolingana na hesabu hiyo kwa Kigiriki, halafu akasema ni salama zaidi kungoja unabii utimie kuliko kubahatisha majina. Huyu alizaliwa ndani ya miaka hamsini hivi ya kuandikwa kwa Ufunuo, alisoma Kigiriki kama lugha yake, na bado akainua mikono. Leo kuna mtu kwenye klipu ya dakika moja anakuambia 666 ni namba yako ya kitambulisho cha kidijitali, na ana uhakika kuliko Irenaeus.

Huko Frigia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alitokea Montanus katika karne hiyo hiyo ya pili, pamoja na manabii wawili wanawake, Priscilla na Maximilla. Kundi lao lilifundisha kwamba Yerusalemu mpya utashuka katika mji mdogo uitwao Pepuza. Maximilla alitabiri vita na machafuko. Mkristo mmoja aliyewapinga, ambaye Eusebius alihifadhi maandishi yake, alifanya jambo rahisi sana: alihesabu miaka. Alisema imepita zaidi ya miaka 13 tangu Maximilla afe, na vita hiyo haijaonekana. Napenda huyo mtu. Hakupiga kelele, alishika kalenda tu.

Sasa nikuletee kisa ambacho kingekuwa kinafundishwa katika kila chuo cha Biblia hapa Kenya. Kama mwaka 204, Hippolytus aliandika ufafanuzi wa kitabu cha Danieli. Humo anasimulia mambo mawili yaliyotokea wakati wake.

La kwanza ni Syria. Kiongozi mmoja wa kanisa aliwashawishi waumini wengi, pamoja na wake zao na watoto, watoke waende jangwani wakampokee Kristo. Wakazurura milimani na njiani hadi karibu wakamatwe na kuuawa kama majambazi. Walichoponea ni kwamba mke wa gavana alikuwa muumini.

La pili ni Ponto, karibu na Bahari Nyeusi. Kiongozi wa huko, Hippolytus anasema, alikuwa mtu mcha Mungu na mnyenyekevu, ila alitegemea ndoto zake. Akaota moja, mbili, tatu, kisha akatangaza kwamba hukumu itafika baada ya mwaka mmoja. Akaongeza kwamba isipokuwa hivyo, wasiyaamini tena Maandiko. Watu wakalia na kuomba usiku na mchana. Wakaacha mashamba. Wengi wakauza mali zao. Mwaka ukaisha na hakuna kilichotokea. Wasichana waliokuwa wamejitenga wakaolewa, wanaume wakarudi kulima, na wale waliouza mali kwa pupa wakabaki kuomba omba.

Na Hippolytus mwenyewe, aliyelaumu hayo yote, hakuweza kujizuia kupiga hesabu! Alichukua vipimo vya Sanduku la Agano, dhiraa mbili na nusu, moja na nusu, na moja na nusu, akavijumlisha akapata tano na nusu, akasema Kristo alikuja mwaka wa 5500 tangu uumbaji. Dunia ikiishi miaka 6000, mwisho ungekuwa karibu mwaka 500 BK. Kwa haki yake, alitaka kuwatuliza watu: bado kuna miaka mia tatu, acheni kuuza mashamba. Lakini mwaka 500 ulifika ukapita. Lactantius, mwanzoni mwa karne ya nne, naye alisema haizidi miaka mia mbili. Nayo ikapita.

Sasa nieleze kwa nini haya yananihusu mimi kijana Mkenya.

Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi kwenye msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kazi ile ilipokuwa imeendelea kwa miezi, miili zaidi ya 400 ilikuwa imetolewa ardhini, wakiwemo watoto. Nchi nzima ilisikia kwamba watu walikuwa wamefundishwa kufunga chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mambo ya nani ana hatia ni ya mahakama, siyaingilii. Kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea kanisani Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, katika kundi ambalo lilikuwa limewaahidi mwisho wa dunia na mwisho haukufika.

Baada ya Shakahola tulisikia sana kwamba hayo ni mambo ya watu wasiosoma, au ya dhehebu la ajabu, au ya shetani. Mimi naona kuna sehemu tunaikwepa. Yule anayeuza shamba lake au kumtoa mtoto shule kwa sababu ya mwisho wa dunia hakulizua wazo hilo. Alifundishwa tangu utotoni, kwenye makanisa ya kawaida kabisa, kwamba Wakristo wa kwanza walijua mwisho uko karibu, na kwamba imani ya kweli ni kuishi kama wao. Hakuambiwa sehemu ya pili ya hadithi: kwamba walingoja, haukuja, wakagombana, wakasahihishana, na waliokwenda jangwani wakarudi wakiwa na aibu. Ukimpa mtu nusu ya historia, umemwacha mikononi mwa yeyote anayekuja na nusu nyingine ya kubuni.

Kuna mtu ataniambia maswali kama haya yanavunja imani ya wadogo. Ningependa kumjibu kwa mfano wa Dionysius, askofu wa Alexandria katikati ya karne ya tatu. Huko Arsinoe, Misri, makanisa yalikuwa yanagawanyika kwa sababu ya kitabu cha askofu mmoja aliyeitwa Nepos, aliyekuwa ameshafariki, ambacho kilifundisha ufalme wa miaka elfu wa hapa duniani. Dionysius hakuwafukuza wafuasi wake wala kuwalaani. Alienda. Akaketi na wazee na walimu wa vijiji, mbele ya waumini waliotaka kusikiliza, siku tatu mfululizo, asubuhi hadi jioni, wakikipitia kile kitabu hoja kwa hoja. Mwishowe kiongozi wao, Coracion, akakubali kwamba ameshawishika. Dionysius huyo huyo aliandika kwamba, akilinganisha lugha na mtindo, haamini kitabu cha Ufunuo kiliandikwa na mtu yule yule aliyeandika injili ya Yohana. Hakuvuliwa uaskofu. Na hadi leo, ibada za Waorthodoksi wa asili ya Kigiriki hazina masomo yanayotoka Ufunuo, ingawa kitabu kimo kwenye Biblia yao.

Augustine wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alikiri kwamba naye zamani aliwahi kuuamini ufalme ule wa miaka elfu, akauacha. Katika kitabu chake kikubwa, alichokimaliza kama mwaka 426, aliwaambia wanaopiga hesabu za mwisho wapumzishe vidole vyao. Alijitegemeza kwenye neno la Yesu katika Matendo ya Mitume, kwamba si kazi yetu kujua nyakati wala majira. Nami nadhani hilo ndilo neno lililostahili kubaki. Neno linalofanana nalo, kwamba hakuna ajuaye siku wala saa, liko kwenye Marko 13 hiyo hiyo, mistari miwili tu baada ya lile la kizazi.

Kwa hivyo, yanategemeka? Kama unauliza juu ya upendo waliokuwa nao, kulisha wajane, kukataa kuabudu mfalme, hilo ni suala jingine na nina mengi mazuri ya kusema. Kama unauliza juu ya ratiba ya mwisho wa dunia, hapana. Walijaribu, walio karibu zaidi na matukio, wenye lugha yenyewe, na hawakupatia. Hakuna anayehubiri leo mwenye habari walizokosa wao.

Ninachoomba kwa mapasta wetu ni kidogo. Fundisheni Papias na fundisheni pia aliyempinga. Someni Wathesalonike wa kwanza na mseme wazi kwamba "sisi" ile ilikuwa ya watu waliokufa. Wapeni vijana siku tatu za maswali kama Dionysius, na wakishawishika itakuwa kwa hoja. Kuuliza si ujinga, na imani inayoanguka kwa sababu mtu amesoma kalenda ilikuwa imeegemea ukuta mbovu.

Na kwako unayenisoma: anayekuambia mwisho umefika muulize anataka ufanye nini kesho asubuhi. Akisema uombe, uache wizi, umsamehe jirani, hakuna hasara, dunia iishe au isiishe. Akisema uache dawa zako, umtoe mtoto shule, uuze shamba, ufunge hadi mwili ukatae, ondoka na uchukue watoto. Waliouza mashamba kule Ponto walikuwa watu wazuri, na kiongozi wao alikuwa mtu mnyenyekevu. Mwaka ulipoisha, hakuna aliyewarudishia mashamba.